Honda ya kabureta haiwaki asubuhi, mchana haina neno: naanzia wapi?

Mkaazi_Wete

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada kwa honda yangu, pikipiki ya kabureta mfano wa CG125 ya Kichina, ina kiki na selfu. Ikilala usiku kucha, asubuhi haiwaki mpaka mguu uume. Nikivuta choki inashika, nikiirudisha tu inazima. Nikiiacha na choki kama dakika tano huku nimeshikilia ekseleta kidogo, inatulia, na baada ya hapo kutwa inawaka kwa kiki moja. Ikisukumwa kwenye mteremko na gia ya pili inashika upesi kuliko kiki.

Plagi ni mpya. Fundi aliifungua kabureta akaipuliza, ikawa nzuri wiki moja, kisha ikarudi pale pale. Inalala barazani, si mbali na bahari. Sasa naambiwa ninunue kabureta nyengine. Kabla sijatoa pesa nataka kujua ugonjwa uko wapi.

Fundi_Konde

Waaleikumu salaam. Kabureta usinunue bado, maana maelezo yako yameshafunga nusu ya milango.

Injini ikiwa baridi, petroli inayovutwa haigeuki mvuke yote. Sehemu yake inashika kwenye kuta za manifoldi, ile njia ya kutoka kabureta kwenda injini, na kubaki maji maji, haifiki kwenye plagi kama inavyotakiwa. Choki inaziba hewa ili petroli izidi, ile kidogo inayogeuka mvuke itoshe kushika moto. Lakini asubuhi ya huku si baridi ya kutisha. Hata kipupwe, kusi likivuma, alfajiri ni nyuzi 22 au 23 hivi. Injini nzima kwa hali hiyo inataka choki kwa sekunde chache, ikizidi sana nusu dakika. Yako inaitaka dakika tano. Hapo choki haiwashi tena, inafidia petroli inayokosekana kwenye njia ya slo, ile inayoilisha injini ikinguruma chini.

Wanaosababisha hivyo ni wawili. Ama jeti ndogo ya slo, kile kijishaba chenye tundu la kupitisha petroli, na vitundu vyake vimeziba nusu, ama kuna hewa ya wizi inayoingia baina ya kabureta na injini. Injini ikishapata moto petroli inageuka mvuke vizuri, na upungufu ule hauonekani. Ndiyo maana mchana haina neno. Hilo la kusukuma ni jambo la pili: mzunguko ukiwa wa kasi, mvuto unazidi, moto wa plagi unazidi na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, haipati muda wa kuvuja. Kwa hiyo moto na vali tutaviangalia pia, lakini baadaye.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa kiki, funga koki ya petroli chini ya tangi. Fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, mwaga petroli yote kwenye gilasi nyeupe na uiache itulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwemo utayaona chini. Fanya kazi hiyo uwanjani, mbali na jiko la makaa na mtu mwenye sigara.

Kisha funga skrubu, fungua koki, ngoja dakika moja bakuli lijae, vuta choki yote, piga kiki tano kamili na ekseleta uiache kabisa. Watu wengi wanavuta choki na kuzungusha ekseleta papo hapo. Ukifungua ekseleta mvuto kwenye njia ya slo unaanguka, na choki inabaki haina kazi. Kama haikuwaka, toa plagi hapo hapo uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa mbichi na inanuka petroli, petroli inafika na tatizo ni moto, kompresheni au mafuta kufurika. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, basi inakula petroli kupita kiasi. Leta majibu.

Spea_Darajani

Nachangia upande wa moto, kwa sababu plagi mpya si dalili ya moto mzuri. Vyombo vinavyolala karibu na bahari vinaliwa na chumvi kwenye sehemu moja isiyoonekana: ndani ya kofia ya plagi.

Kofia ile haivutwi, inazungushwa kinyume na saa mpaka itoke kwenye waya. Tazama ncha ya waya. Nyuzi za shaba zikiwa na kutu ya kijani au zimekuwa nyeusi, kata milimita 5 hadi 10 mpaka ukute shaba inayong'aa, kisha rudisha kofia kwa kuizungusha ndani ya waya. Kofia nyingi zina rezista ya kiloomu 5. Weka mita ncha kwa ncha: ikisoma karibu na 5 ni nzima, ikipanda sana au isisome kitu, tupa. Bei ya kofia haifiki popote karibu na bei ya kabureta.

Plagi yenyewe, kama ni D8EA, mwanya ni milimita 0.6 hadi 0.7. Usiuamini mwanya wa dukani, plagi ikianguka mara moja tu unajifunga. Spana yake ni 18. Izungushe kwa mkono mpaka ikae, halafu nusu duru kwa spana kama ni mpya. Kama ilishawahi kufungwa, robo duru au pungufu. Hedi ni ya aluminiamu, nyuzi zake zikichunika gharama ni nyengine kabisa.

Ukipima moto, gusisha chuma cha plagi na injini lakini mbali na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka pale na unaweza kulipuka. Cheche ya samawati yenye sauti ya kukata ni nzuri. Ya njano au nyekundu ni dhaifu, na injini iliyopoa haiikubali ingawa injini ya moto inaivumilia. Ikiwa dhaifu, kabla ya kununua koili fungua boliti inayoishikilia kwenye fremu, piga msasa hapo na uifunge tena. Kutu chini ya boliti hiyo inakata njia ya kurudi ya umeme.

Kuna pia umande. Kofia au waya ukiwa na ufa, unyevu wa alfajiri unaipitisha cheche nje. Piga kiki kiza bado hakijatoka, utaona vimulimuli vya samawati vikitembea juu ya mpira. Ukiviona, hakuna haja ya kupima zaidi.

Kwa zile ambazo CDI yake, kile kisanduku kinachoamrisha cheche ya plagi, inakula umeme wa betri, pima betri kabla ya kulaumu chochote. Iliyojaa ni volti 12.6 au zaidi kidogo, na 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya hapo acha selfu, tumia kiki, kwa sababu selfu inanyonya umeme ambao CDI ilikuwa inauhitaji.

Mkaazi_Wete

Nimefanya. Kwenye gilasi kuna tone la maji limekaa chini, kubwa kama punje ya mbaazi, linatembea ukiinamisha. Na kuna unga mweupe mweupe pembeni yake. Plagi imetoka kavu kabisa, haina harufu. Waya nimekata, ulikuwa kijani kweli, cheche sasa ni ya samawati. Inawaka kwa tabu kidogo pungufu, lakini choki bado haitaki kurudi.

Fundi_Konde

Basi umeshaupata. Plagi kavu pamoja na choki isiyorudi, hiyo ni njia ya slo. Na unga mweupe ni chuma cha bakuli chenyewe kinavyooza: kabureta imetengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, maji yakikaa chini yake inatoa unga huo, na unga unakimbilia kwenye tundu dogo kuliko yote.

Ilirudi baada ya wiki kwa sababu kabureta ilisafishwa na tangi halikusafishwa. Maji yanaingia kwa petroli ya chupa na madumu, kwa mpira wa kifuniko cha tangi ulioliwa, na kwa tangi linalolala nusu tupu, maana hewa ya huku imebeba unyevu na usiku inatoa jasho kwenye bati la ndani. Anza na tangi. Mwaga yote, toa koki, safisha chujio lake la wavu, sukutua tangi kwa lita moja ya petroli safi mpaka inayotoka isiwe na chembe. Ukiweka chujio kwenye mpira wa petroli, chagua kile cha pikipiki kinachopitisha kwa mteremko tu. Vya gari vinavyotegemea pampu vinabana, na utajiletea tatizo jipya.

Sasa kabureta. Skrubu za bakuli ni laini. Tumia bisibisi ya nyota namba 2, ikandamize sana ndipo uzungushe. Ukishaondoa bakuli utaona jeti mbili. Kubwa iko katikati, na ya slo imezama kwenye kisima chake pembeni. Hii ndiyo unayoitaka. Bisibisi bapa lazima ienee mfereji wake wote, kwa sababu ni shaba nyeupe na ikichunika haitoki tena.

Ielekeze kwenye jua. Jeti namba 38 ina tundu la milimita 0.38, na jeti nzima inaonyesha duara kamili la mwanga. Ukiona mwezi mwandamo, au mwanga usio na ukingo mkali, imeziba nusu. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanaona mwanga, wanasema safi. Nusu ya tundu inatosha kuendesha mchana na haitoshi kuwasha asubuhi.

Usitumie sindano wala waya wa chuma, utalipanua tundu na honda itakula petroli maisha yake yote. Chukua waya laini wa taa, ule wenye nyuzi nyingi ndani, uchomoe uzi mmoja. Mara nyingi una unene wa milimita 0.2 na ni shaba laini isiyokwaruza. Upitishe taratibu, na vile vitundu vya ubavuni mwa jeti pia usivisahau.

Kusafisha jeti peke yake hakutoshi. Njia iliyochongwa ndani ya mwili wa kabureta nayo imebeba unga. Kabla hujatoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge huku unahesabu duru mpaka iguse kwa upole, andika hesabu, kisha itoe. Inatoka na springi, washa ndogo ya chuma na oringi ya mpira, kwa mpangilio huo. Oringi mara nyingi inabaki shimoni, na ukipuliza inaruka isionekane tena, kwa hiyo ichokonoe kwanza. Pulizia dawa ya kabureta kupitia kisima cha jeti ya slo. Lazima uione ikitoka kwenye vitundu vidogo chini ya slaidi, kile kipande kinachopandishwa na ekseleta, upande wa injini, na kwenye tundu la hewa upande wa klina, yaani chujio la hewa. Tundu moja likiwa kimya, kazi haijaisha. Loweka, subiri, puliza tena. Ukitumia kompresa, kwanza fungua valvu ya chini ya tangi lake litoe maji. Kwa unyevu wa visiwani matangi hayo hujaa maji, na utakuwa unaingiza kile unachokitoa. Oringi ya bakuli na floti zisiguswe na dawa hiyo. Mpira unavimba na hauingii tena kwenye mfereji wake.

Sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, itazame ncha. Ikiwa na pete iliyochimbika, haifungi sawasawa, badilisha.

Ukirudisha, fungua skrubu ya mchanganyiko duru moja na nusu. Washa, endesha mpaka ipate moto, ndipo uirekebishe. Skrubu ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa klina, kuifungua kunaongeza hewa. Wanaolijua hili ni wachache, ndiyo maana unasikia ushauri unaopingana. Izungushe robo robo, tafuta pale mlio unapopanda juu kabisa, kisha ushushe mzunguko wa chini kwa skrubu ya slaidi hadi takriban 1400 kwa dakika.

Kuhusu hewa ya wizi: baina ya kabureta na hedi kuna kipande kizito cha plastiki nyeusi na oringi. Nati zake mbili zikikazwa kupita kiasi, uso wa kabureta unapinda na hewa inapita. Injini ikiwa inanguruma chini, paka grisi nzito kuzunguka maungio yote. Mlio ukibadilika au ukitulia, hewa ilikuwa inapita hapo. Usinyunyizie petroli kama baadhi wanavyofanya, kwenye injini ya moto ni hatari tupu.

Na kama unaipashia moto barazani pamefungwa, au unaiingiza ukumbini mvua ikinyesha, acha. Moshi wa choki una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu ndani wakiwa wamelala.

Mwenye_PX

Samahani kwa kuingilia, shida kama hiyo lakini kwa Vespa PX 150. Ikikaa siku mbili haiwaki, na plagi inatoka mbichi inachuruzika. Hii nayo ni jeti?

Spea_Darajani

Hapana dada, yako ni kinyume chake. Plagi inayochuruzika baada ya kukaa ni petroli inayoshuka taratibu kupita sindano ya floti mpaka chini kwenye krenki. Ukiegesha, funga koki, hiyo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni sindano mpya na kusafisha kiti chake.

Kuikausha leo: koki imefungwa, choki imerudishwa, toa plagi, fungua ekseleta yote, piga kiki mara kumi, futa plagi au weka kavu, jaribu tena. Mwanya wa plagi 0.6. Hakikisha pia mchanganyiko wa oili: asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Wanaomimina kwa macho huzidisha, na plagi inakuwa chafu siku zote.

Uzuri wa Vespa ni kwamba jeti unazifikia bila ya kushusha kabureta. Fungua kifuniko cha boksi, toa klina, jeti zinakutazama juu. Ikiwa baada ya hayo inapandisha mlio yenyewe na haitaki kutulia, sili ya krenki upande wa magneti inaingiza hewa. Ikitoa moshi mweupe mwingi na oili ya gia inapungua, ni sili ya upande wa klachi. Hizo ni kazi za kufungua injini, mpe anayezijua.

Mtambo_Mkoani

Mkaazi, njia ya slo ikishakuwa safi, usiache kupima tapeti, yaani mwanya baina ya roka na vali, maana ulisema kusukuma kunasaidia. Vali ikiwa imebana haikai kabisa kwenye kiti chake. Kwa kasi ya kiki kompresheni inapata muda wa kuponyoka, kwa kasi ya mteremko haipati. Na tapeti zikibana hazipigi kelele, zinanyamaza. Mtu anasikia injini kimya anafurahi, kumbe vali inaungua.

Pima injini ikiwa imelala usiku, si baada ya kutembea. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Fungua vifuniko viwili vya upande wa magneti, zungusha krenki kinyume na saa mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kava. Shika roka zote mbili kwa vidole: zikicheza kidogo uko mahali pake, ikibana moja zungusha duru nzima tena. Kwa CG125 kipimo ni milimita 0.08 pande zote mbili. Fila, kile kibati cha kupimia mwanya, iteleze kwa ukinzani mwepesi. Kaza nati huku umeshikilia skrubu isizunguke, halafu pima tena, kwa sababu kukaza nati peke yake kunabadilisha kipimo. Aina nyengine zina vipimo vyake, usichukue hiki ukakitia kwenye pikipiki ya Boxer.

Kama bado kiki ni nyepesi, tia mililita 5 za oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara chache. Kiki ikiwa nzito ghafla, ringi zimechoka. Ikibaki vile vile, ni vali.

Jengine: nusa kijiti cha oili. Ikiwa sindano ya floti ilikuwa inavuja, petroli imeshashuka kwenye injini. Oili inayonuka petroli, au iliyopanda juu ya alama bila ya kuongezwa, imwagwe. CG125 inachukua karibu lita 0.9 ukibadilisha, na kijiti ndicho cha kuamini.

Mkaazi_Wete

Tangi lilikuwa na maji chini na kutu. Jeti ilikuwa mwezi mwandamo kama ulivyosema Fundi. Tapeti ya ingizo haikupitisha hata fila ya 0.05. Leo asubuhi choki imerudi ndani ya muda mfupi na haikuzima. Swali la mwisho: nakwenda Unguja wiki sita, honda inabaki. Niiache vipi?

Fundi_Konde

Jaza tangi mpaka shingoni, hewa isipate nafasi ya kutoa jasho. Funga koki, kisha fungua skrubu ya bakuli umwage yote. Kuiacha injini ijizimie yenyewe hakutoshi, kunabaki tabaka chini, na hilo likikauka linakuwa gundi kwenye jeti ile ile uliyoisafisha. Sehemu nyepesi ya petroli ndiyo inayowasha injini baridi na ndiyo inayopotea kwanza, kwa hiyo petroli ya wiki sita ndani ya bakuli isingekusaidia hata ingebaki.

Toa betri uiweke ndani, ichajiwe katikati ya muda huo kama yupo wa kukufanyia. Paka grisi nyembamba ndani ya mdomo wa kofia ya plagi kuzuia chumvi. Tia mfuko kwenye mdomo wa sailensa na uandike karatasi juu ya tangi kwamba umeutia.

Ukirudi, toa mfuko, mwaga kikombe kimoja cha petroli kutoka kwenye koki uone kama ina maji, kisha fungua koki, ngoja dakika moja, choki yote, swichi ikiwa imezimwa piga kiki mbili tatu, washa swichi, piga.